Fundi wa Kuandika Kisichojulikana

Waandishi wa kazi hii hawaweki majina yao juu ya walichoandika. Maandishi yao husomwa na watu wanne au watano: mhandisi aliyehojiwa, mhasibu, mkurugenzi anayetia sahihi, na ofisa wa kodi aliyeko mbali. Yakipita, hakuna anayewapongeza. Yakikwama, simu zinaanza kulia. Pamoja na hayo, katika kazi za kalamu zinazolipwa mshahara, sijaona inayodai uvumilivu na usikivu kuliko hii ya kuandika maelezo ya kiufundi ya madai ya nafuu ya kodi kwa ajili ya utafiti na maendeleo.

Kazi yenyewe iko hivi. Serikali nyingi zinataka kampuni zitafute maarifa mapya, na kwa kuwa utafiti ni ghali na mara nyingi hurudi mikono mitupu, zinakubali kumpunguzia kodi anayethubutu. Uingereza ilianza mwaka 2000 kwa kampuni ndogo na za kati. Afrika Kusini ilifuata 2006. Lakini ofisa wa kodi haamini tu kwa kuambiwa. Anataka aelezwe mlikuwa mnatafuta nini, kwa nini jibu halikuwepo, mlijaribu vipi, mkafika wapi, na shilingi ipi ilitumika katika hatua ipi. Mhandisi aliyehangaika haijui lugha ya kodi. Mhasibu hajui kilichotokea maabara. Katikati yao anakaa mwandishi.

Kwetu Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinamruhusu mfanyabiashara kutoa kwenye mapato yake gharama za utafiti na maendeleo, pamoja na gharama za kuboresha kilimo na za mazingira. Ziada wanayopewa watu wa London au Pretoria haimo, na nafuu ikiwa ndogo, ufundi wa kuidai hauwi na soko kubwa. Hata hivyo kifungu hicho ni kama kiliandikwa na mtu aliyekuwa akiitazama Lindi. Gharama za kuboresha kilimo kinazozitaja ni za kusafisha shamba, kuchimba mifereji ya umwagiliaji, na kupanda mazao ya kudumu au miti izaayo. Mkorosho ni mti wa namna hiyo, na Nachingwea na Ruangwa zinaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi. Ruangwa sasa imeongeza kinywe (grafiti). Ndiyo sababu nimezichagua wilaya hizi mbili kuutazamia ufundi huu: zimeshuhudia utafiti uliozaa, na zimeshuhudia pia hasara ya ripoti iliyoandikwa na watu wasio na shaka.

Tuanze na kinywe. Mradi wa Lindi Jumbo ulioko Ruangwa ulitangaza akiba ya tani milioni 5.5 za mwamba wenye wastani wa asilimia 17.9 ya kaboni ya kinywe. Msomaji wa gazeti hutosheka na tarakimu hizo. Mwandishi wetu hazimsaidii. Kuwemo kwa kinywe ardhini ni bahati ya mahali. Utafiti unaanza pale mtu anapotaka kukitoa.

Kinywe hukaa ndani ya mwamba kwa magamba membamba, na gamba kubwa lina bei kuliko dogo. Yanayozidi maikroni 300 ndiyo sokoni huitwa jumbo. Ili kulitenga gamba na mwamba ni lazima usage. Ukisaga sana, gamba linavunjika na bei inaanguka. Ukisaga kidogo, linatoka likiwa bado limeshikana na mchanga, na usafi haufikii kiwango anachotaka mnunuzi. Kisha unga hutiwa majini pamoja na dawa, hewa ikapulizwa kutoka chini, kinywe kikapanda na povu na mawe yakabaki. Kinywe hakilowi kwa urahisi, na hapo ndipo uchenjuaji wake ulipojengwa.

Sasa, mwandishi asiye na subira ataandika kwamba kampuni ilibuni mfumo wa kisasa wa kuchenjua kwa povu. Amekwisha kuharibu. Ndugu wawili wa Dresden, akina Bessel, walipata hataza ya kuchenjua kinywe kwa povu mwaka 1877. Ofisa wa kodi mwenye mshauri wa madini atauliza swali moja tu, na dai zima litaanguka.

Fundi mwenyewe huanza kwingine. Chukua mazungumzo ya kubuni, kati ya mwandishi na mchenjuaji aliyemzidi umri.

“Shikamoo, kaka. Nimesoma kwamba mlisaga mara tatu. Kwa nini si mara mbili?”

“Mara mbili ilikuwa inatoka chafu. Tukahangaika kidogo, ikakaa sawa.”

“Hapo katikati, kabla haijakaa sawa, palikuwa na siku ngapi?”

Mchenjuaji anacheka. Palikuwa na wiki sita.

“Na mwamba wote ulikuwa unatoka mchafu?”

“Hapana. Ule wa juu, ulioliwa na mvua miaka na miaka, ulikubali mara mbili. Ule mbichi wa chini ndio uliokataa.”

“Mlijua utakataa?”

“Tungejua tusingepoteza wiki sita, mdogo wangu.”

Hapo ndipo pana dai. Limekuwepo muda wote, limefunikwa na maneno “tukahangaika kidogo”. Na sentensi itakayotoka, baada ya mwandishi kuifuta na kuirudia, itakuwa kavu kabisa: haikujulikana kama mwamba mbichi ungeweza kufikia usafi uliotakiwa bila kupoteza magamba makubwa, kwa sababu vipimo vyote vilivyokuwapo vilifanywa kwenye mwamba wa juu. Sentensi hiyo haina sifa hata moja. Haina “kisasa” wala “ya kipekee”. Ina swali, ina sababu ya swali kutojibiwa, na ina mpaka. Mimi naiona nzuri kwa namna mlango uliopachikwa sawasawa ulivyo mzuri: hutambui kazi iliyofanyika mpaka uone uliopachikwa vibaya.

Mpaka ndio unaonivutia zaidi. Katika dai hilohilo, kuchimba kisima cha maji ya kiwanda si utafiti. Kumfundisha kijana kuendesha kinu si utafiti. Kununua kinu kile kile kinachotumika kwingine na kukifunga si utafiti, hata kikigharimu mabilioni. Mwandishi hodari huyatoa mambo haya yeye mwenyewe kabla hajaambiwa, na mara nyingi hugombana na mkurugenzi kwa sababu hiyo. Mwongozo anaouegemea ulianzia mji wa Frascati, karibu na Roma, ambako mwaka 1963 wataalamu wa nchi za OECD walikutana kukubaliana utafiti ni nini na usio utafiti ni nini. Rasimu yake iliandikwa na mwanauchumi Mwingereza Christopher Freeman. Toleo la 2015 linataja alama tano: kazi iwe ya kutafuta jipya, iwe na ubunifu, matokeo yasiwe na uhakika, ifuate utaratibu, na mwingine aweze kuirudia. Nne kati ya hizo mtu anaweza kuzionyesha kwa makaratasi ya kawaida. Ile ya kutokuwa na uhakika ndiyo inayomlaza mwandishi macho.

Sababu yake ni ya kibinadamu. Mtu akishajua jambo, anasahau kwamba aliwahi kutolijua. Muulize mtafiti aliyefaulu, atakusimulia ushindi kwa mstari ulionyooka, kana kwamba kila hatua iliijua inayofuata. Hasemi uongo. Akili imejisafisha yenyewe. Kazi ya mwandishi ni kumrudisha kwa upole mpaka siku ambayo hakuwa anajua, na kumkalisha hapo muda wa kutosha akumbuke alikuwa anaogopa nini. Naufananisha uvumilivu huo na wa daktari anayechukua historia ya mgonjwa, ila huyu wa kwetu anamhoji mtu aliyekwisha kupona.

Mfano bora kuliko huo wa kubuni uko kwenye mikorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takribani tani 145,000 za korosho. Kufika 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ikawavunja moyo, na juu ya hayo ukaingia ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua na majani machanga, ulioripotiwa nchini mwaka 1979. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, ambacho kina kituo chake kidogo Nachingwea, walikuja na salfa ya unga inayopulizwa kwa bomba la injini.

Mtu wa haraka angeandika: watafiti waligundua kwamba salfa inaua ukungu. Wakulima wa zabibu wa Ulaya walilijua hilo katikati ya karne ya 19. Kisichojulikana kilikuwa kingine, na ukikipanga unaona utafiti ulivyokuwa mgumu. Mkorosho wa Nachingwea ni mti mkubwa wenye matawi yaliyoshikana na ya jirani. Je, unga utafika kileleni? Maua yake hayatoki kwa siku moja, yanatoka kwa majuma mengi ya kipindi cha ubaridi. Upulize mara ngapi, na uanze lini? Upepo ukivuma unga unakwenda kwa jirani, umande ukikauka haushiki. Na mwenye miti themanini, anayeuza kwa bei ambayo hajui itakuwa ngapi, atarudisha fedha yake? Halafu likaja swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzoni: salfa inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka inaufanyia nini udongo wa kichanga wa kusini? Watafiti walipima wakaona inaongeza tindikali. Dawa za maji zikatafutwa.

Ningempa mwanafunzi wa kazi hii habari hiyo ya salfa aiandike kwa kurasa mbili, kisha nimkate kila sentensi inayosifu. Kitakachobaki ni maswali matano au sita, kila moja na sababu yake ya kutojibika kwa kufungua kitabu, na kila moja na jaribio lake. Ndiyo umbo la dai zuri. Hata la mwisho, la udongo, linafaa, ingawa matokeo yake ni habari mbaya. Watu wengi hawaamini ukiwaambia kwamba jaribio lililoshindwa ni ushahidi mzuri, mara nyingine kuliko lililofaulu, maana hakuna anayeshindwa katika jambo lililokuwa na jibu tayari.

Na Nachingwea inalijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na wenzake wawili kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa matrekta. Walizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa majuma tisa. Ripoti yao ilitaka ekari 3,210,000 katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na zaidi ya nusu ya mashamba hayo yawe jimbo la kusini, eneo ambalo Nachingwea ikawa makao yake. Gharama ilikadiriwa pauni milioni 24. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa hadi Nachingwea, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Januari 1951 mpango ulitangazwa kufutwa, hasara ikihesabiwa kuwa karibu pauni milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya sitini.

Yameandikwa mengi juu ya mvua ya Kongwa, ambako mpango ulianzia, na udongo wake mgumu, na juu ya kiburi cha wakoloni. Mimi nauona pia udhaifu wa maandishi. Ripoti ya Wakefield ilikuwa na hesabu za kupendeza, lakini mambo ambayo hakuna aliyeyajua, kuanzia mvua ya miaka mingi hadi gharama halisi ya kung'oa msitu ekari moja, yalipita ndani yake yakiwa yamevaa nguo za makadirio. Shamba dogo la majaribio halikutangulia. Idara ya sayansi chini ya Hugh Bunting ilikuwa ikijifunza udongo huku matrekta yanalima. Aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lililoendesha mpango huo, Alan Wood, aliacha kazi akaandika kitabu, The Groundnut Affair, kilichotoka 1950, na ndani yake mna mengi ambayo yangefaa kusemwa miaka minne kabla, kwenye ripoti, kwa lugha kavu, chini ya kichwa cha “yasiyojulikana”. Baada ya 1951 Nachingwea ikageuzwa mahali pa majaribio ya kilimo kwa kiasi kidogo. Yaani kilichopaswa kuwa cha kwanza kilikuja cha mwisho, baada ya fedha kwisha.

Karatasi zina uzito wake huku, na watu wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hawahitaji kuhubiriwa hilo. Chini ya stakabadhi ghalani, gunia la korosho lisiloandikwa uzito na daraja lake ni kama halipo mnadani, hata kama kila mtu kijijini aliliona likipakiwa. Gharama ya utafiti nayo ni hivyohivyo. Sheria zetu za rufani za kodi zinamtwisha mlipa kodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ya TRA yamekosewa. Si kazi ya ofisa kuthibitisha kwamba wewe hukutafiti. Anayepinga ana siku 30 za kuleta pingamizi, na kwa kawaida hutakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu asiyoibishia ikiwa ndiyo kubwa. Siku 30 hazitoshi kumkumbusha mhandisi mambo ya miaka mitatu iliyopita, hasa kama amekwisha kuhamia Geita.

Wachimbaji wamelielewa hili kwa njia ngumu. Baada ya udanganyifu wa dhahabu wa Bre-X kule Busang, Indonesia, uliofichuka 1997, Kanada ilitunga kanuni inayomtaka mtaalamu mwenye sifa atie sahihi kila ripoti ya kiufundi ya madini na kubeba lawama yake. Mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, ulikuwa na ripoti za namna hiyo. Leseni yake ilipofutwa mwaka 2018 shauri likaenda kwa wasuluhishi wa ICSID, Tanzania ikaamriwa Julai 2023 kulipa zaidi ya dola milioni 109, na 2024 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Nani alikuwa na haki ni mjadala wa siku nyingine. Lakini katika mashauri ya aina hiyo thamani ya kilima hujadiliwa kwa kumbukumbu za uchorongaji na ripoti za sampuli, maana hakuna msuluhishi anayekuja na nyundo kupasua mwamba.

Kazi hii ina wachafuzi wake, tena wengi. Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilikadiria kwamba kwa mwaka wa 2020/21 asilimia 16.7 ya nafuu ya utafiti, pauni bilioni 1.13 hivi, ilitoka kwa makosa na udanganyifu. Wakala wanaolipwa kwa asilimia ya kile kitakachopatikana waliandika “utafiti” juu ya chochote. Tangu Agosti 2023 kila dai linaambatana na fomu ya maelezo ya ziada, na mtu aliyehusika na dai sharti atajwe. Naliunga mkono hilo. Malipo ya asilimia yanamfanya mwandishi apende ndiyo, wakati ubora wake wote uko katika kusema hapana kwa mambo saba ili la nane liaminike.

Lakini si kila aliyeanguka alikuwa tapeli. Mwaka 2005 kampuni moja ya programu za kompyuta, BE Studios, iliwashtaki wahasibu wake mjini London kwa kutoishauri idai nafuu hiyo. Ilishindwa, kwa sababu haikuweza kuonyesha mahakamani kwamba kazi iliyofanya ilikuwa utafiti kwa maana ya sheria. Huenda palikuwa na mtu pale aliyekesha akitafuta jambo jipya. Halikuandikwa siku lilipokuwa bado jipya.

Kwa hiyo neno langu ni kwako unayeendesha kiwanda kidogo cha kubangua korosho Nachingwea na kila msimu unabadilisha muda wa mvuke ili kokwa zisivunjike, na kwako wa Ruangwa unayejaribu kukamua ufuta kwa joto la chini. Usisubiri kampuni kubwa zifike na waandishi wao. Nunua daftari gumu. Andika tarehe, ulichokuwa hukijui siku hiyo, ulichojaribu, kilichotokea, na nani alikuwepo, kisha bandika risiti pembeni. Ukishindwa, andika vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Daftari hilo liweke pamoja nazo.